Reli Huharibikia Milimani

Hotuba kwa wahandisi vijana na watumishi wa reli, Morogoro

Mheshimiwa mwenyekiti, wakubwa zangu mlioketi mbele, vijana wangu mliojazana nyuma: itifaki imezingatiwa. Nikianza kutaja vyeo, chakula cha mchana kitapoa.

Barua ya mwaliko iliniomba nizungumzie usalama wa reli, ustahimilivu wa miundombinu mbele ya mabadiliko ya tabianchi, na sera. Niliisoma mara mbili. Nimefanya kazi ya njia zaidi ya miaka thelathini, nikianzia kwenye gengi, kile kikosi cha kutengeneza njia ya reli, na kumalizia ofisini, na maneno ya namna hiyo yakinipita masikioni huanza kutafuta mahali pa kuegemeza kichwa. Kwa hiyo naomba ruhusa nizungumzie kitu kimoja tu: kalavati. Hayo mengine tutayakuta ndani yake.

Kalavati mnalijua. Ni lile tundu chini ya tuta linalopitisha maji ya upande huu kwenda upande ule. Abiria akipita juu yake hajui kama kapita. Sijapata kuona utepe ukikatwa kwenye kalavati, wala kusikia mtu akisimama jukwaani kuuliza kalavati la kilomita fulani lilizibuliwa lini. Kwenye daftari la gengi linapewa maneno mawili, "kalavati, safisha", na watu wakipungua kazini maneno hayo ndiyo ya kwanza kurukwa.

Sasa nisikilizeni. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, huko Old Kijabe, juu ya Mai Mahiu nchini Kenya, maji yaliteremka bondeni usiku watu wakiwa wamelala. Habari za kwanza zilisema bwawa limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ya Kenya ikaeleza kwamba pale hapakuwa na bwawa. Palikuwa na tuta la reli, na njia ya maji chini ya tuta hilo ilikuwa imezibwa na magogo, mawe na tope. Mvua ikanyesha, maji yakakosa pa kutokea, yakajikusanya nyuma ya tuta, yakapanda, hadi yakapata nguvu ya kujitolea mlango. Watu zaidi ya 50 walikufa. Nyumba, magari, barabara, vyote vikabebwa.

Katika watu hao wote, hakuna aliyekuwa na tiketi ya treni mkononi. Hiyo ni ajali ya reli isiyohusisha treni hata moja. Vitabu vyetu vya usalama vimejaa breki, ishara na mwendokasi, na vyote ni vya lazima, lakini ukurasa wa Mai Mahiu haumo. Tuta la reli ambalo tundu lake limeziba ni bwawa, na ni bwawa ambalo hakuna mhandisi aliyewahi kulitia saini.

Turudi nyumbani. Kutoka hapa Morogoro ukielekea magharibi kwa reli ya zamani unafika Kilosa, kisha Munisagara, Mzaganza, Kidete, Godegode, ndipo Gulwe. Kutoka Kilosa hadi Gulwe ni kama kilomita 80. Mtu wa njia akizitaja kilomita hizo 80, sauti yake hubadilika. Ndizo zilizotutoa jasho, ndizo zilizotulaza mahemani, na ndizo zilizonipa haya mabega yaliyopinda.

Mjerumani alianza kujenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, akafika Morogoro 1907, akaingia Kigoma 1914. Alipofika Kilosa alikuta milima imemkalia mbele, na katikati ya milima mto. Chini mto unaitwa Mkondoa, juu unaitwa Kinyasungwe. Akaufuata. Simlaumu. Kichwa cha moshi hakipendi mlima mkali, kinataka mteremko wa pole, kinataka na maji ya kunywa, na mto ulikuwa umekwisha kumfanyia kazi ya kukata njia kwa maelfu ya miaka bila kudai mshahara. Lakini aliyepanga nyumba na mto ajue kwamba mwenye nyumba atarudi siku moja.

Alirudi mara nyingi. Alirudi kwenye Elinino ya 1997 na 1998. Alirudi Desemba 2009, bwawa la Kidete lilipopasuka na maji yakaingia mpaka mji wa Kilosa, yakaacha maelfu ya watu bila makazi. Reli ilikatika kwa miezi, na abiria wa bara wakawa wanapandia treni Dodoma badala ya Dar es Salaam. Amerudi tena miaka ya karibuni, na kila mara hadithi ni moja: tuta limeliwa, reli na mataruma yake, ile mihimili inayolala chini ya reli, yananing'inia hewani kama ngazi ya kamba, kokoto zimekwenda Wami.

Njia ile ikikatika, Kigoma inakatika, na nyuma ya Kigoma wako Burundi na Kongo wanaongoja mzigo. Bandari kavu ya Isaka inakaa bila kazi. Mzigo unahamia kwenye malori, barabara inachakaa, na mwenye duka Tabora anaongeza bei ya saruji. Huyo mwenye duka hajui Mkondoa iko wapi.

Naomba niwape kisa kimoja, mnivumilie. Nilipoanza kazi nilipangiwa gengi katika bonde lile. Nyapara wetu alikuwa mzee wa Kigogo, mtu wa maneno machache, na alikuwa na tabia moja tuliyoicheka. Kila msimu wa mvua ukiisha alishuka chini ya daraja letu na kopo la lami na kijiti kilichofungwa kitambaa, akachora mstari kwenye nguzo pale maji yalipofikia, na kando yake akaandika mwaka. Mistari ilikuwa mingi, na hata mimi mgeni niliona kwamba inapanda. Siku moja nikajitia ujuzi, nikamwambia, "Mzee, naona mvua zinaongezeka." Akanitazama kama mtu anavyomtazama mtoto aliyepoteza hela ya unga. Akachukua mtarimbo, akaukita kwenye mchanga kando ya nguzo, ukazama karibu wote. Akaniambia, "Mvua ni ile ile. Sakafu ndiyo inayopanda."

Yeye alipoajiriwa, mtu aliweza kupita chini ya daraja lile akiwa amesimama na mzigo kichwani. Mimi nilipita nimeinama. Daraja halikuwa limeshuka. Mchanga ulikuwa unakuja kila mwaka kutoka juu, unalala pale, na uwazi wa kupitishia maji unapungua kama mkebe unaotiwa changarawe. Mchoro wa daraja ofisini ulikuwa bado unaonyesha uwazi wa siku lilipojengwa.

Mwisho wa mistari ile ni wa kuchekesha, kama una moyo wa kucheka. Miaka kadhaa baadaye kulikuwa na ugeni mkubwa njiani, amri ikatoka kwamba madaraja yapakwe rangi. Yakapakwa yakapendeza. Mistari ya mzee ikaishia chini ya rangi, na pamoja nayo kumbukumbu ya mto ambayo sidhani iliandikwa mahali pengine popote.

Mchanga ule unatoka wapi? Hapo ndipo ninapotaka kuwapeleka. Hautoki relini. Ukisimama stesheni ya Gulwe ukatazama, utaona vijito vinavyoshuka kutoka milima ya Mpwapwa. Kiangazi ni vitanda vya mchanga mtupu, na mvua ikinyesha saa mbili huko juu vinashuka na udongo, mawe na miti. Reli haina shamba huko, haina ng'ombe, wala haikati mkaa. Inapokea tu.

Na msije mkadhani jambo hili ni geni. Miaka ya 1930 palifanyika majaribio Mpwapwa ya kupima udongo unaochukuliwa na mvua kwenye ardhi tupu, ukilinganishwa na ardhi yenye majani na vichaka, na majibu yalikuwa kama mzee wangu angeyatoa bila kupima. Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, wenyewe wa zamani mnaukumbuka kwa jina la HADO. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa kwenye eneo lililomomonyoka sana la Kondoa. Majani yakarudi, makorongo yakaanza kupona. Ila wafugaji walihamisha ng'ombe wao kwenda kwenye ardhi za wengine, na hilo nalo lina bei yake. Bwawa la Ikowa, lililojengwa miaka ya 1950 katika bonde hili hili la Kinyasungwe, limemezwa na mchanga kwa sehemu kubwa. Kwa hiyo elimu tulikuwa nayo kabla wengi wenu hamjazaliwa, na kabla sijazaliwa mimi.

Kilichobadilika ni kwamba sasa mambo mawili yamekutana. Sakafu inaendelea kupanda, na mvua nayo si ile ile tena. Mzee wangu leo angelazimika kusahihisha kauli yake. Mvua ya wiki mbili inataka kunyesha kwa siku mbili. Tulizoea Dodoma ina msimu mmoja unaoanza Desemba na una adabu zake. Siku hizi adabu hizo zimepungua.

Ninyi wahandisi mnajua tunavyopanga ukubwa wa kalavati: mnachagua mvua ya miaka 50, au ya miaka 100, mnapiga hesabu. Maneno haya yamewapotosha watu wengi, hata wenye madaraka. Ukimwambia mtu kwamba daraja limejengwa kustahimili mafuriko ya miaka 100, anasikia kwamba yakishatokea leo, tupumzike mpaka wajukuu. Maana yake halisi ni nafasi ya asilimia 1 kila mwaka, mwaka huu na mwaka kesho vile vile. Ukiipigia hesabu kwa miaka 30, nafasi ya kuyaona angalau mara moja ni kama asilimia 26. Kwa miaka 100 ni kama asilimia 63. Na hesabu hiyo inadhani kesho itafanana na jana. Unapochukua vipimo vya mvua vya wakati wa babu yako kupangia kalavati la mjukuu wako, wewe si mkorofi, umefuata kitabu, ila kitabu kimezeeka.

Najua kuna mtu hapa anasema moyoni: mzee huyu anaimba reli ya zamani, na sisi tuna SGR, reli mpya ya kisasa. Ni kweli tunayo, na naionea fahari. Nilipanda mwaka 2024 ilipoanza kubeba watu mpaka Dodoma, nikakaa dirishani kama mtoto. Kilomita 160 kwa saa! Na wajenzi wake walijifunza kwa Mkondoa: njia imepandishwa juu, imepewa madaraja marefu, na kwenye milima ya Kilosa imepenyezwa kwenye mahandaki. Hiyo ni akili. Lakini mlima uliokatwa ni mlima uliojeruhiwa, na kila ukingo mliokata unahitaji mfereji juu yake wa kuyageuza maji, na kila mfereji unahitaji mtu mwenye koleo. Mabehewa ni mapya, udongo ni ule ule. Na reli ya zamani haijafa. Bado inabeba watu na mizigo ya Tabora, Mpanda, Kigoma na Mwanza, na bado imelala kando ya mto. Ninachokiogopa ni kuona vijana wote wazuri wanakimbilia njia mpya, na ile ya zamani inabakiwa na wazee wawili na toroli.

Joto nalitaja kwa kupita. Chuma kinatanuka. Kilomita moja ya reli, joto lake likipanda nyuzi 30, inataka kurefuka kwa karibu sentimita 35. Reli iliyoungwa kwa kuchomelewa haina pa kurefukia, inashikwa na mataruma na kokoto. Kokoto zikipungua begani, yaani pembeni mwa mataruma, njia inapinda kama nyoka mchana kweupe. Kwa hiyo mnaopanga bajeti, kokoto si pambo.

Nije kwenye sera, maana mwenyekiti ananitazama.

Tatizo la bonde lile kwa lugha ya ofisini ni hili. Mamlaka ya reli yanaishia kwenye mpaka wa hifadhi yake, ule ukanda wa ardhi kandokando ya njia. Nje ya hapo maji ni ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Misitu ina wenyewe. Mashamba na malisho yako chini ya halmashauri: Kilosa, Mpwapwa, Kongwa, Chamwino. Usalama wa reli unasimamiwa na LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, tangu 2019. Tuta likikatika, kila mmoja ukimwuliza ana jibu sahihi. Wa reli anasema maji yametoka juu. Wa bonde anasema udongo umetoka mashambani. Wa halmashauri anasema wananchi walime wapi. Wote ni wakweli, na treni bado imesimama Kilosa.

Ninachosema mimi, na ndicho kilichonileta: reli iruhusiwe, na ilazimishwe, kutumia fedha nje ya mipaka yake. Shilingi inayojenga matuta ya kuzuia udongo kwenye shamba la mtu Mpwapwa ihesabiwe kuwa shilingi ya usalama wa reli, sawa na ile inayonunua breki. Ikaguliwe hivyo, iripotiwe hivyo. Mkulima asifuatwe na mgambo, alipwe. Akiacha ukanda wa majani kandokando ya kijito, apate kitu kila mwaka, na mwaka ambao ukanda haupo asipate. Nimekaa na wakulima wale. Hawalimi kingo za mto kwa ukaidi. Wanalima pale kwa sababu ndipo penye unyevu. Ukimwambia aondoke bila kumpa kitu, atarudi usiku.

Fedha zitoke wapi? Mwaka 2015 bidhaa zinazoingia kutoka nje zilianza kutozwa asilimia 1.5 ya kuendeleza reli. Fedha ile imetusaidia kujenga. Kwa kujenga hatuna haya, tunajua kuomba na tunajua kuzindua. Naomba sehemu yake, kubwa kiasi gani wenye kalkuleta watasema, iwekwe kando kwa sheria kwa ajili ya mambo mawili tu: kazi za mlimani, na kusafisha makalavati na kuondoa mchanga chini ya madaraja kabla ya mvua. Iwe haramu kuihamishia kwingine. Barabara zina mfuko wake wa matengenezo unaotoka kwenye mafuta, kwa hiyo siombi muujiza. Ninachokiona ni hiki: fedha za kurudisha njia iliyokatika hupatikana kwa wiki moja, usiku na mchana, mitambo inapelekwa, kamera zinapelekwa. Fedha za kuzuia isikatike zinaambiwa zisubiri robo ijayo ya mwaka, na robo ijayo ni masika.

Mabwawa ya juu ya reli nayo yamezungumzwa kwa miaka mingi. Yajengwe, sipingi. Ila bwawa bila kazi ya mlimani ni mtego wa mchanga, na Ikowa iko pale kwa anayetaka kwenda kuona.

Jambo la pili la sera ni dogo kwa gharama, kubwa kwa tabia: nani ana haki ya kusimamisha treni.

Mwishoni mwa Januari 1993, treni ya usiku kati ya Nairobi na Mombasa ilifika kwenye mto Ngai Ndethya, karibu na Mtito Andei, mafuriko yakiwa yamekwisha kulichukua daraja. Walikufa zaidi ya watu 100. Mto hauvunji daraja kimyakimya. Mahali popote penye mto kuna watu wanaousikia: mchungaji, mama aliyehamisha vyombo, mlinzi wa shule. Swali ni kama mtu huyo ana njia ya kumfikia dereva.

Na msidhani ni habari ya nchi maskini. Tarehe 12 Agosti 2020 huko Carmont, Scotland, katika nchi iliyozaa reli, mvua kubwa ilinyesha asubuhi. Maji yakabeba changarawe kutoka kwenye mfereji kandokando ya mlima na kuzimwaga njiani. Treni ikaja kwa mwendo wa kama kilomita 117 kwa saa, mwendo halali kabisa kwa njia ile, kwa sababu hakuna aliyetoa amri ya kuupunguza. Wakafa watatu: dereva, kondakta na abiria mmoja. Wachunguzi wakakuta kwamba mfereji ule, uliojengwa mwaka 2011 na 2012, haukujengwa kama ulivyochorwa. Network Rail, wenye njia, walikiri kosa mahakamani na mwaka 2023 wakatozwa faini ya pauni milioni 6.7. Mfereji, jamani. Ndugu yake kalavati.

Mwaka 1956 nchini India, daraja lilipobebwa na mafuriko huko Ariyalur na treni ikatumbukia, Waziri wa Reli Lal Bahadur Shastri alijiuzulu. Ni kitendo cha heshima, na baadaye alikuja kuwa Waziri Mkuu. Mimi simwombi mtu ajiuzulu. Kujiuzulu hakuzibui kalavati.

Ninachoomba ni namba moja ya simu, ya bure, iandikwe kwa rangi kwenye kila daraja na kila kalavati pamoja na kilomita yake, kuanzia Kilosa hadi Gulwe kwa majaribio. Mwenyekiti wa kitongoji aijue, mchungaji aijue. Akipiga akasema maji yamefika kwenye tuta kilomita fulani, treni inasimama stesheni iliyo karibu, kiberenge, kile kigari kidogo cha relini, kinatangulia kukagua. Na hapa ndipo penye ugumu: aliyesimamisha treni kwa tahadhari ikaonekana njia ni salama, asiandikiwe barua. Katika utumishi wangu nimemwona mkuu wa stesheni akitakiwa kujieleza kwa maandishi kwa kuchelewesha treni ya mizigo saa mbili, kwa sababu mvua ilimtia wasiwasi. Msimu uliofuata wasiwasi wake ulikuwa umepona kabisa. Mvua ilikuwa ile ile.

Wenye umri wangu tunakumbuka Igandu. Tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria yenye watu zaidi ya 1,200 ilishindwa breki mlimani, ikarudi nyuma kwa kasi na kuigonga treni ya mizigo. Walikufa watu 281. Haikuwa mvua ile, wala sitaki kuibandikia tabianchi, maana siku hizi tabianchi imekuwa kapu la kutupia kila kosa letu. Nataja Igandu kwa sababu nyingine. Iko kwenye njia hii hii, mbele kidogo ya Gulwe, na nimekutana na vijana waliohitimu ambao hawajawahi kuisikia. Kilichotokea Igandu kingepaswa kuwa somo la wiki ya kwanza katika kila darasa la reli nchini, dakika kwa dakika, nani alijua nini na saa ngapi.

Ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na Bukoba, Novemba 2022, ripoti ya awali ilitoka mwezi ule ule na watu wakaisoma na kubishana. Vivyo hivyo nataka kwa kila ajali ya treni na kila tuta lililoliwa: wachunguzi wasio waajiriwa wa wanaochunguzwa, kazi yao iwe kutafuta sababu na kuwaachia polisi na mahakama kutafuta mwenye hatia, na ripoti iwekwe mahali ambapo mwanafunzi wa Morogoro anaweza kuisoma bila kuandika barua ya maombi. Hata tuta lililokatika usiku pasipo treni lina haki ya kuchunguzwa. Hilo ndilo linalotueleza treni ya kesho ingekuwaje.

Nimeambiwa nina dakika moja. Basi nimalizie na kazi ya nyumbani, kwa vijana. Huu ni mwezi wa tisa. Mchanga umekauka, nyoka wako wachache, na makalavati yanaingilika. Chagueni kilomita tano kila mmoja, tembeeni kwa miguu na futi ya kupimia. Ingieni ndani ya kila tundu. Pimeni uwazi uliobaki, ulinganisheni na mchoro, andikeni vyote viwili kwenye ukurasa mmoja, na mmpelekee mkubwa wenu kabla ya Novemba, mkiwa mmebaki na nakala. Na kopo la rangi mchukue. Mwaka huu maji yakishuka, mchore mstari pale yalipofika.

Naona mkono kule nyuma, kijana wa shati la bluu. Umesema unatoka wapi? Godegode? Njoo basi hapa mbele uulize ukiwa karibu, maana mto ni wenu, sisi tulikuwa wapita njia tu.